Yungiyungi Limegoma: Dalili Ziko Juu, Chanzo Kiko Chini

Mtu akiona jani la yungiyungi limegeuka manjano, jambo la kwanza analofikiria ni dawa. Anaingia duka la pembejeo, anaeleza dalili kwa maneno mawili matatu, anatoka na pakiti ya dawa ya ukungu. Mara nyingi fedha hiyo huenda bure, kwa sababu maisha ya mmea huu yako ardhini. Tunguu lake halina maganda makavu ya kulikinga kama yale ya kitunguu maji. Ni magamba manene yaliyobanana juu ya kitako chenye mizizi, na halilali usingizi mzito hata siku moja. Likikauka huumia, maji yakituama huoza, udongo ukishika joto hudhoofu. Habari za yote hayo hufika juu zikiwa zimechelewa, katika sura ya jani la manjano au tumba lililokauka. Ndiyo maana nashikilia utaratibu mmoja: kabla ya kunyunyiza chochote, fukua kwa vidole pembeni mwa shina mpaka ufikie tunguu, ulitazame, ulibonyeze.

Kwanza hakikisha mmea wenyewe ni upi

Bustanini kwetu jina la yungiyungi limebebeshwa mimea mingi isiyo na undugu, na ushauri wa mmoja unaweza kuua mwingine. Ua jeupe la umbo la faneli linaloota kando ya vijito vya Limuru na Kiambu ni arumu. Asili yake ni kusini mwa Afrika, ni jamii moja na magimbi, na hufurahia kusimama kwenye tope. Lile la kichwa chekundu cha duara linalochomoza mvua za kwanza zikinyesha ni Scadoxus, ndugu yake krinamu. Gloriosa hupanda vichakani kwa kujishikiza kwa ncha za majani yake. La majini nalo ni jamii yake peke yake.

Mwongozo huu unahusu Lilium, wale wanaouzwa kwa ajili ya Pasaka, harusi na mapambo ya ukumbini. Utawatambua hivi: shina moja lililosimama wima, majani mengi yamejipanga shinani kuanzia chini hadi juu, na maua yako kileleni, kila ua na petali sita na stameni sita, yaani vijiti vinavyobeba chavua. Kama majani ni mapana marefu na yote yanatokea ardhini bila shina, una krinamu au jamaa zake. Ukikuta hapo viwavi weusi wenye madoa au pete nyeupe na za manjano, wanatafuna jani na kushuka hadi kwenye tunguu, hao ni viwavi wa krinamu. Waokote kwa mkono asubuhi na jioni, ukague na upande wa chini wa majani, kwa kuwa kundi dogo linatosha kumaliza mmea kwa siku chache.

Lilium wote wa porini ni wa nusu ya kaskazini ya dunia: Asia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Wengi wao wamezoea kipindi cha baridi kila mwaka. Hilo likumbuke, maana ndilo linalozaa lalamiko kubwa kuliko yote.

Lilichanua vizuri mwaka wa kwanza, sasa linatoa majani tu

Ukiwa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, jibu kwa kawaida ni moja: tunguu halijapata baridi. Ulipolinunua lilikuwa limetoka kwenye chumba cha baridi, mara nyingi baada ya safari kutoka Uholanzi, na lilikuwa na akiba ya chakula pamoja na ishara ya kuchanua tayari ndani yake. Ukaona maua, ukaamini umepata mmea wa kudumu. Baada ya hapo likabaki kwenye udongo wenye joto mwaka mzima, na hakuna kitu kilicholiambia kuwa msimu umegeuka. Linachipua likiwa fupi, majani yanasongamana, ua halitoki. Mbolea haitasaidia hapo.

Wakulima wa yungiyungi jeupe la Pasaka, Lilium longiflorum, huliweka tunguu kama wiki 6 kwenye baridi ya nyuzi 4 hadi 7 za Selsiasi, karibu saa 1,000. Machotara ya Kiasia na yale makubwa yenye harufu yanayoitwa Oriental nayapa wiki 8 hadi 10 kwenye nyuzi 2 hadi 5. Udongo wa Pwani haukaribii viwango hivyo hata mwezi Julai. Limuru, Lushoto, Mufindi na Njombe hali ni tofauti. Usiku wa Juni hadi Agosti hupoa kwa kweli, na longiflorum inaweza kurudi mwaka hadi mwaka bila kuguswa.

Aliye Pwani anaweza kutumia friji ya nyumbani. Subiri shina likauke lenyewe, kisha chimba kwa uma au mikono, usitumie jembe. Osha tunguu, kata mizizi iliyokufa, bakiza ile minene iliyo hai. Lifunike kwa usumba wa nazi au maranda ya mbao yenye unyevu mdogo: ukikamua kiganjani lisitoke hata tone. Weka kwenye kopo la plastiki lililotobolewa matundu, kopo likae droo ya chini ya friji. Kwenye friza litakufa.

Usiliweke pamoja na ndizi mbivu, maembe wala parachichi. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huharibu ua likiwa bado chembe ndogo isiyoonekana ndani ya tunguu. Wengi hufuata kila hatua vizuri, wakaharibikiwa hapo tu. Kama friji ya nyumba yako haikosi matunda, tafuta friji ya soda dukani kwa jirani. Kila wiki mbili fungua kopo. Ukungu wa kijani au bluu juu ya gamba moja si msiba: ng'oa gamba hilo, badilisha usumba, endelea. Kichipukizi kikionekana kimefika sentimita 2 au 3, panda hata kama wiki hazijatimia.

Kwa wa nyanda za juu ambao bado hawaoni maua, chanzo huwa kingine. Kuna kukata ua na shina lote ili lipendeze kwenye chombo. Majani ndiyo yanayojaza tunguu kwa ajili ya mwaka ujao, kwa hiyo bakiza angalau theluthi moja ya shina, ikiwezekana nusu. Kuna kivuli cha mparachichi kilichokua taratibu bila mtu kugundua. Na kuna udogo wa tunguu. Namba unazoona kwenye maboksi, kama 10/12 au 16/18, ni mzunguko wa tunguu kwa sentimita. Mseto wa Kiasia wa 10/12 utakupa maua machache. Oriental wa kipimo hicho anaweza asikupe chochote, umtafute wa 14/16 kwenda juu. Vitoto vinavyozaliwa pembeni mwa tunguu mama navyo vinahitaji miaka miwili au mitatu kabla ya kuchanua, hivyo majani matupu kwao ni jambo la kawaida.

Kama hutaki habari za friji, panda Lilium formosanum. Huota kwa mbegu, na ikitunzwa vizuri huweza kuchanua kabla mwaka haujaisha. Kata tu vitumba vya mbegu kabla havijapasuka, kwa sababu mbegu zake hupeperuka, na nchini Afrika Kusini yungiyungi hili limeorodheshwa miongoni mwa mimea vamizi.

Nimepanda, halijachomoza

Wiki 6 zikipita kimya, fukua. Utakuta moja kati ya haya.

Tunguu gumu, zito, lenye mizizi na ncha ya kijani au ya waridi: lirudishie udongo, lina safari yake.

Tunguu limesinyaa, magamba yamelegea lakini ni safi: lilikauka dukani. Lilaze kwenye usumba wenye unyevu, kivulini, mpaka magamba yajae tena. Hili ni jambo la kuangalia siku ya kununua. Tunguu zuri ni zito mkononi na mizizi yake haijanyolewa. Lile lililokaa wazi kwenye sinia juani limeanza kufa kabla hujalilipia.

Tunguu halipo, limebaki shimo au njia ya chini kwa chini: fuko. Nungunungu naye huchimba kutoka juu na kuacha fujo. Dawa ya wote wawili ni waya. Kunja wavu wa kuku wenye matundu madogo uwe kikapu, panda tunguu ndani yake, juu uwachie shina nafasi ya kutoka.

Tunguu limeoza: hapa ndipo vidole na pua vinapohitajika. Ligeuze kitako juu. Kitako kizima ni cheupe au rangi ya krimu na kinakataa ukucha. Kilichougua ni kahawia iliyokolea, ukucha unazama, na ukivuta gamba la nje linatoka bila ubishi huku chini yake likiwa na ukingo wa kahawia pale liliposhikana na kitako. Hiyo ni fuzari, kuvu anayeishi udongoni na kuingilia kwenye majeraha ya mizizi, hasa udongo ukiwa na joto na maji yametuama. Ulaini wenye harufu kali ya uvundo ni bakteria waliofuata baadaye kula mabaki.

Tunguu lililooza kitako halirudi. Yale magamba ya ndani yaliyo meupe kabisa unaweza kuyaokoa. Yamenye moja moja, yaoshe, yachovye kwenye dawa ya ukungu, uyafukie nusu kwenye mchanga wenye unyevu mdogo mahali pa nyuzi 20 hadi 25. Baada ya miezi miwili au mitatu kila gamba hutoa vitunguu vidogo kwenye mkato wake. Mahali palipooza usipande yungiyungi tena kwa miaka kadhaa, kuvu huyo ana subira.

Chanzo cha kuoza karibu kila mara ni mtu mwenye nia njema: samadi mbichi imewekwa shimoni "ipate nguvu", au maji kila siku kwenye udongo wa mfinyanzi. Samadi iwe imeiva na kukaa juu kama matandazo. Kwenye udongo mzito inua tuta sentimita 20 au 30, weka tabaka la mchanga mnene au changarawe chini ya tunguu, na maji yafuate hali ya udongo. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, acha.

Majani ya manjano

Hapa usiangalie rangi peke yake, tazama imeanzia wapi.

Ikianzia chini na kupanda polepole baada ya maua kuisha, mmea unafunga msimu. Usikate shina likiwa la kijani, wala usilifunge fundo ili bustani ionekane nadhifu. Ikianzia chini kabla ya maua, mmea una njaa ya nitrojeni au umebanwa. Mbolea kidogo ya CAN, au NPK, wakati shina linakua, kisha tena matumba yanapoonekana, inatosha.

Ikianzia juu, kwenye majani machanga, huku mishipa ikibaki ya kijani, hiyo ni kiu ya madini ya chuma. Chuma huwa kimo udongoni, ila mmea hauwezi kukichukua kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Hadithi ya Pwani hiyo: ardhi ya matumbawe, mchanga mweupe wenye vipande vya kombe, maji ya kisima yenye magadi. Oriental wanataka pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya 5.5 hadi 6.5, wakipandwa kwenye matumbawe watageuka manjano hata uwape nini. Longiflorum huvumilia hadi karibu 7. Nyunyizia mbolea ya chuma ya majani kupunguza dalili. Suluhisho hasa ni kuwapanda chunguni kwenye udongo uliouchanganya mwenyewe na kuwapa maji ya mvua. Angalia pia kama tuta lako limeegemea ukuta wa matofali ya saruji, kwa kuwa chokaa hushuka kutoka humo kila mvua inaponyesha.

Ikija kote kwa pamoja, na majani yanalegea hata baada ya kumwagilia, rudi kwenye tunguu. Mizizi imekufa.

Ncha za majani zimeungua

Dalili hii huchanganya watu kuliko nyingine, kwa sababu ina vyanzo viwili vinavyodai matibabu yanayogongana.

Cha kwanza ni floraidi. Longiflorum ni mwepesi mno kudhurika nayo: karibu na ncha ya jani hutokea doa la kahawia la nusu mwezi, halafu jingine juu ya jani linalofuata, mmea ukiendelea kukua vizuri tu. Kando ya Mlima Meru, kwenye maeneo kama Ngurdoto na Maji ya Chai, na kule Naivasha, maji ya ardhini yana floraidi nyingi kwa asili, kutokana na miamba ya volkano. Maji yaleyale yanayoacha rangi ya kahawia kwenye meno ya watoto hufanya kazi hiyo polepole kwenye majani. Mbolea za fosfeti zilizotengenezwa kwa miamba, hasa supafosfeti, nazo hubeba floraidi. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya vyungu vya yungiyungi, achana na supafosfeti, na pandisha pH hadi 6.5 au 7 kwa chokaa ya kilimo, kwa sababu kalsiamu huifunga floraidi isiingie mmeani. Nikizungumza na wapenda maua wa Arusha hili ndilo ninalolitaja kwanza, maana wengi wamenyunyizia dawa ya ukungu misimu mizima wakati tatizo liko kwenye bomba.

Cha pili ni upungufu wa kalsiamu kwenye majani machanga, na wanaougua ni Oriental. Maarufu kati yao ni 'Star Gazer', lile la waridi lenye ukingo mweupe, lililotokana na kazi ya Leslie Woodriff huko California miaka ya 1970. Maua yake hutazama juu, jambo lililowafurahisha sana wafungashaji wa maua, lakini huungua majani ya juu kirahisi. Wiki chache baada ya kuchipua, wakati majani ya juu bado yameyafunika matumba, ncha zake hupauka, zikajikunja, zikawa kahawia, huku majani ya chini yakiwa mazima. Kalsiamu husafiri na maji, na jani lililojifunga halivuti maji ya kutosha. Siku kadhaa za mawingu na unyevu, kisha ghafla jua kali, ndizo zinazolipua hali hiyo. Matunguu makubwa huathirika zaidi kwa sababu hukimbia kukua kabla mizizi haijakomaa. Panda kwa kina, weka neti ya kivuli wiki hizo, udongo usiachwe ukauke. Jani lililoungua halitapona, ila matumba yakiwa salama ua litakuja zuri.

Na kama ni chungu chenye utando mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi, ya mbolea au ya usumba ambao haukuoshwa. Mimina maji mengi yapite chini mara mbili tatu, usiweke mbolea mwezi mzima.

Madoa wakati wa mvua

Chukua jani moja ulielekeze kwenye jua. Doa la kuvu aitwaye botritisi lina umbo la yai, katikati limekuwa jembamba na la rangi ya kahawia iliyofifia kiasi cha kupitisha mwanga, ukingo wake mwekundu au wa zambarau. Madoa huanza majani ya chini, huungana, jani hunyauka na kuning'inia shinani. Asubuhi yenye unyevu utaona manyoya ya kijivu juu yake.

Kuvu huyu anataka jani libaki limelowa kwa saa nyingi katika hali ya ubaridi, na masika ya Lushoto au ukungu wa Limuru humpa vyote viwili. Umbali kati ya mmea na mmea uwe sentimita 20 hadi 25 ili upepo upite. Mwagilia chini ya shina, asubuhi. Toa majani yenye madoa uyachome au kuyafukia mbali, usiyaweke kwenye mboji. Dawa za kopa au mankozebu hufanya kazi zikitangulia mvua, maana hukinga jani zima na haziponyi lililokwisha kuumwa. Faraja ni kwamba kwa kawaida ugonjwa huu haushuki kwenye tunguu. Hata majani yakiisha yote, tunguu litabaki hai, dogo kidogo tu mwaka ujao.

Matumba yanakauka kabla ya kufunguka

Tumba likipauka, likawa la manjano na kudondoka likiacha kovu safi, kosa ni mwanga au hewa. Chungu kiko ndani ya nyumba au nyuma ya pazia zito. Au kiko jikoni karibu na kapu la matunda na moshi wa jiko, ambao nao una ethilini. Kisogeze barazani penye jua la asubuhi. Kiu ya siku mbili tatu wakati matumba yana urefu wa kidole nayo huleta matokeo hayohayo.

Tumba likiwa la kahawia na lenye manyoya ya kijivu, ni botritisi tena. Likipinda na kukwaruzika rangi, lifungue: utakuta thiripi, wadudu wembamba wanaokimbia ndani ya mikunjo, au vidukari, ambao wengine huwaita wadudu mafuta. Maji ya sabuni yanayofika hadi kwenye mikunjo huwapunguza, mradi unyunyize jioni na urudie baada ya siku chache.

Shina limelala

Limepandwa juujuu. Lilium wengi hutoa mizizi mingine kwenye shina, juu ya tunguu, na hiyo ndiyo inayoshika mmea na kuulisha. Juu ya tunguu pawe na udongo wa sentimita 10 hadi 15. Kama msimu umeshaanza, ongeza udongo na mboji kuzunguka shina na uchomeke kijiti mbali kidogo, usije ukatoboa tunguu. Shina linaloinama upande mmoja linafuata mwanga, hilo ni la kuhamishwa.

Ya chunguni yanachoka haraka

Chungu cheusi cha plastiki kwenye sakafu ya saruji saa nane mchana hupika mizizi. Tumia chungu cha udongo, au ingiza kile cha plastiki ndani ya kikubwa zaidi na ujaze maranda katikati. Majani yapate jua, chungu kikae kivulini. Kina kisipungue sentimita 30. Mchanganyiko wangu ni udongo wa msituni, mboji iliyoiva na pumisi (mawe mepesi ya volkano) au mchanga mnene wa mtoni kwa vipimo sawa. Sahani ya chini imwagwe maji kila baada ya kumwagilia. Kila mwaka badilisha udongo wote, kwa kuwa chunguni hakuna akiba ya kurudi.

Majani yana mistari iliyopauka, maua yamechanika rangi

Mistari ya kijani hafifu inayofuata urefu wa jani, jani limejikunja, mmea unadumaa kila mwaka zaidi: virusi. Hakuna dawa, na anayekuuzia moja anakudanganya. Katika karne ya 19 Bermuda ilikuza longiflorum na kuziuza Marekani kwa wingi. Magonjwa, virusi vikiwemo, yakaisambaratisha biashara hiyo. Ng'oa mmea mzima pamoja na tunguu, uchome. Vidukari ndio wachukuzi, hivyo wapige vita hata wakiwa wachache, na safisha kisu kwa spiriti kati ya mmea na mmea unapokata maua. Yungiyungi la chui, lile la rangi ya chungwa lenye vidoto na vipunje vyeusi kwenye kwapa za majani, linaweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili. Lipande mbali na mengine, au usilipande. Ukitaka kuanza upya kwa usalama, anza na mbegu, kwa kuwa virusi vingi vya yungiyungi havipiti kwenye mbegu.

Chavua imeingia kwenye nguo, au paka ameilamba

Nguo usiiloweshe wala kuisugua. Igandishe selotepu juu ya doa na kuivuta, rudia, kisha anika juani. Ni bora zaidi kunyofoa stameni mara tu ua linapofunguka, kabla chavua haijawa unga.

Paka ni habari nzito. Kila sehemu ya Lilium, pamoja na chavua na maji ya chombo, huua figo za paka, na Hemerocallis, lile ambalo kila ua lake hudumu siku moja, ni hivyohivyo. Kiasi kidogo alichojilamba kwenye manyoya kinatosha. Huanza kutoa mate na kutapika, kisha huonekana amepata nafuu huku figo zikizidi kuharibika. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, ukiwa na jani au picha ya ua, hata kama hajatapika. Nyumba yenye paka ipambe kwa waridi. Na kama una gloriosa uani penye watoto, ing'oe na viazi vyake vyote au uizungushie uzio, maana viazi hivyo vina kolchisini, sumu inayoua binadamu.